Setilaiti za Kamba Hufia Mita Hamsini za Mwanzo

Orodha ya setilaiti zilizowahi kufungwa kamba angani, yaani vyombo vinavyofungua kamba ndefu kutoka ndani mwao vikiwa kwenye obiti, ni fupi, na anayeisoma akitafuta chanzo cha kila kushindwa atakuta jambo moja linajirudia. Mwaka 1992 chombo cha Atlantis kilibeba TSS-1, setilaiti ya Waitaliano iliyokusudiwa kwenda kilomita 20 ikiwa kwenye waya. Iliishia mita 256 hivi. Bolti iliyoongezwa katika marekebisho ya mwisho ya mtambo wa rili ilikuwa imechomoza na kuziba njia. Aprili 2007 setilaiti tatu ndogo za MAST zilikuwa na kamba ya kilomita 1. Kilichofunguka ni mita moja hivi. Januari 2009 Chuo Kikuu cha Kagawa, Japani, kilirusha setilaiti iliyoitwa Kukai ikiwa na kamba ya mita 5 tu, zikatoka sentimita chache. ESTCube-1 ya Waestonia, 2013, ilibeba mita 10 za waya mwembamba, na rili haikuzunguka. Mapema 2017 Wajapani walijaribu kufungua mita 700 kutoka kwenye chombo cha mizigo HTV-6, jaribio la KITE. Bolti moja kati ya nne zilizoshika mzigo wa ncha haikuachia.

Kwa upande wa pili, SEDS-1 ilifungua kilomita 20 za uzi wa Spectra wenye kipenyo cha milimita 0.75 kutoka kwenye hatua ya pili ya roketi ya Delta II, Machi 1993, bila kukwama. TiPS ya maabara ya jeshi la majini la Marekani, NRL, ilifungua kilomita 4 mwaka 1996 na kamba ikaishi miaka 10. YES2 ya ESA, shirika la anga la Ulaya, ilifika kilomita 31.7 mwaka 2007. Kilomita 20 zilifunguka mwaka 1993 na mita 5 zikagoma miaka 16 baadaye. Basi urefu sio ugumu wenyewe. Waswahili husema kamba hukatikia pabovu. Kwenye misheni hizi pabovu pako ndani ya sanduku, kabla kamba haijaiona anga. Timu ndogo inayopanga misheni ya aina hii mara nyingi hutumia muda mwingi kwenye mifumo ya kompyuta inayoonyesha kamba ikiyumba taratibu, na muda mchache kwenye kufuli, springi na namna ya kuzungusha kamba kwenye rili. Mgao huo unapaswa kugeuzwa kichwa chini, na hesabu zinaeleza kwa nini.

Kinachoinyoosha kamba angani ni tofauti ya graviti kati ya ncha ya chini na ya juu. Mkazo wake ni 3 × ω² × m × L, ambapo ω ni kasi ya kuzunguka dunia, m ni tungamo na L ni urefu. Kwenye obiti ya kilomita 500, mzunguko mmoja huchukua dakika 94.6, na ω ni takriban radiani 0.0011 kwa sekunde. Chukua CubeSat ya 3U, yaani setilaiti ndogo ya michemraba mitatu ya sentimita 10 (mmoja ni 1U), inayogawanyika vipande viwili, mama na binti, kila kimoja kilo 2. Tungamo inayoingia kwenye hesabu ni zao la hizo mbili kugawanywa kwa jumla yake, yaani kilo 1. Kamba ya kilomita 1 ikishafunguka yote, mkazo ni milinyutoni 3.7, uzito wa chini ya nusu gramu juu ya mizani ya duka la dawa. Kwenye mita 50 ni milinyutoni 0.18. Kwenye mita 10 ni 0.04, kitu ambacho hata mshono wa gundi unakishinda.

Sasa weka msuguano. Kamba inayotoka kwenye rili na kupita tundu la kutokea inaweza kudai milinyutoni 10 bila fundi yeyote kushangaa. Springi ikiwatenganisha mama na binti kwa mita 1 kwa sekunde, nishati ya mwendo wao ni nusu jouli. Milinyutoni 10 mara mita 50 ni nusu jouli ileile. Kwa hiyo vipande vinasimama mita 50, mahali ambapo graviti inavuta mara 50 chini ya msuguano, na hakuna kitakachoviondoa hapo. Kuanzia hapo kamba inalegea, binti anajizungusha, na misheni imekwisha ingawa redio zote zinafanya kazi vizuri kabisa.

Dawa ya kwanza ni kasi, maana nishati hukua kwa mraba wake. Ukisukuma kwa mita 3 kwa sekunde unapata jouli 4.5, na msuguano uleule wa milinyutoni 10 unakufikisha mita 450 na ushee. Ili ufike kilomita 1 kwa springi peke yake, wastani wa msuguano usizidi milinyutoni 4.5. Namba hiyo ndiyo iwe sharti la kwanza la mradi, iandikwe ukurasa wa kwanza, na kila uamuzi wa rili upimwe nayo. TEPCE, CubeSat ya 3U ya NRL iliyorushwa Juni 2019, ilitumia springi ndefu ya utepe wa chuma uliojiviringisha, ikawekwa katikati ya rundo la kamba ili itenganishe vipande kwa nguvu. Kilomita 1 yake ilifunguka Novemba mwaka huo. Hilo lilikuwa chaguo la watu waliokuwa wamesoma orodha ya hapo juu.

Kasi ina gharama mbili. Moja ni mwelekeo. Kitu kinachosukumwa kwenda chini hakiendi chini moja kwa moja. Kadiri kinavyoshuka kinatangulia mbele kwa sababu kiko kwenye obiti ya chini yenye mwendo wa haraka zaidi. Ukipuuza msuguano na kusukuma wima kwa mita 1 kwa sekunde, kufikia kilomita 1 binti atakuwa amelala kiasi cha nyuzi 45 kutoka kwenye wima, yaani nusu ya njia kuelekea upeo wa macho. Kwa mita 3 kwa sekunde analala nyuzi 20 hivi. Hii ni sababu nyingine ya kupenda springi kali. Unaweza pia kuinamisha mwelekeo wa kusukuma uelekee nyuma kidogo kabla ya kuachia, ila hilo linadai setilaiti inayojua ilikoelekea kwa uhakika wa nyuzi chache, si setilaiti iliyotulizwa kwa sumaku peke yake na kuachwa ijipange.

Gharama ya pili haisamehi, nayo ni mahali springi inapogusa. Kwa mita 3 kwa sekunde, kila kipande kinapata msukumo wa nyutoni-sekunde 3. Kipande cha 1.5U chenye kilo 2 kina ukinzani mdogo sana wa kuzunguka. Mstari wa springi ukikosa kitovu cha tungamo kwa milimita 2 tu, binti anaanza kuzunguka kwa zaidi ya nyuzi 60 kwa sekunde, mzunguko mmoja karibu kila sekunde 6, huku akijiviringishia kamba mwilini. Milimita 2 ni betri iliyosogezwa upande mmoja. Timu nyingi hupima kitovu cha tungamo cha setilaiti nzima kwa sababu kampuni ya urushaji inakidai, zikasahau kwamba baada ya kutengana kuna setilaiti mbili, kila moja na kitovu chake. Pima kila nusu peke yake, ikiwa na kamba yake na bila kamba yake. Lenga nusu milimita pembeni. Na kamba ifungwe mahali ambapo mstari wake unapita kwenye kitovu hicho.

Rili yenyewe ni suala ambalo mvuvi wa mshipi angelimaliza kwa dakika tano. Kuna rili inayozunguka, na kuna ile isiyozunguka ambayo uzi unachomoka kwa kichwani, pete moja baada ya nyingine. Inayozunguka ina uzito wake wa mwendo. Ikishaanza haitaki kusimama, na kamba ikipunguza kasi ghafla rili inaendelea kumwaga uzi ndani ya sanduku mpaka inajifunga fundo. Isiyozunguka haina tatizo hilo, na ndiyo iliyotumika kwenye SEDS na YES2. Kwa setilaiti ndogo isiyo na nia ya kuirudisha kamba ndani, hakuna sababu nzuri ya kuchagua inayozunguka. Hoja ya kwamba inapimika kirahisi haitoshi; pete zinazotoka kwenye rili tuli nazo huhesabiwa kwa vihisi vya mwanga.

Uzungushaji ufanywe kwa mashine yenye mkazo usiobadilika, na namba ya mkazo iandikwe kwenye kumbukumbu za rili hiyo. Mkazo ukiwa mwingi, pete za juu huzama kati ya zile za chini na kubanwa. Ukiwa mdogo, mtetemo wa roketi huzilegeza zikadondoka mbili au tatu kwa pamoja. Tone dogo la gundi laini kwa kila tabaka husaidia kushika, lakini gundi huwa ngumu kwenye baridi, kwa hiyo msuguano wa nyuzi 20 mezani sio msuguano wa nyuzi 30 chini ya sifuri. Na mita 20 za mwanzo zisitoke kwenye rili kabisa. Zikunjwe kwa mikunjo mirefu ndani ya nafasi iliyo wazi, zitoke bila kugusa kitu, ili binti awe amepata umbali kabla rili haijaanza kudai chochote.

Nyenzo inajulikana. Dyneema, au dada yake Spectra, ni nyepesi: uzi wa milimita 0.5 una gramu 190 hivi kwa kilomita. Ukikadiria kwamba pete hujaza asilimia 60 ya nafasi, kilomita nzima inakaa kwenye theluthi moja ya 1U. Nguvu yake ya kustahimili mkazo iko mbali sana juu ya chochote kitakachotokea, hata binti akifika mwisho wa kamba kwa kishindo. Kwa mita 1 kwa sekunde kishindo hicho ni nyutoni 4 au 5 tu. Udhaifu wake uko kwingine. Inateleza, kwa hiyo fundo la kawaida hufunguka lenyewe au hukata sehemu kubwa ya nguvu ya uzi. Tumia kitanzi kilichosukwa kwa kurudisha uzi ndani ya uzi. Huyeyuka karibu nyuzi 150 za Selsiasi, jambo linalokufaa unapotaka kuikata. Oksijeni ya atomu iliyopo kwenye obiti za chini huila polepole.

Kishindo cha mwisho hakikati kamba, ila kinamrudisha binti. Akifika mwisho kwa mita 1 kwa sekunde bila breki, anadunda na kurudi kwa sehemu kubwa ya kasi hiyo, kamba imelegea mbele yake. Breki inahitajika kwenye asilimia 10 hadi 15 za mwisho. Misheni kubwa zilitumia nguzo ambayo kamba huviringwa. Kila mzunguko huzidisha mkazo. Kwa msuguano wa 0.15, mzunguko mmoja huuzidisha mara 2.6 hivi, na minne mara 43. Ni nzuri mno ukiwa na mota, kihisi cha mkazo na programu iliyopimwa. Kwa timu ndogo ni hatari, kwa sababu kinachozidishwa ni pamoja na kosa: mzunguko mmoja uliosahaulika kwenye nguzo wakati wa kurusha unatosha kukusimamisha mita chache kutoka mlangoni. Njia nafuu ni kuishona sehemu ya mwisho ya kamba yenyewe kwa uzi dhaifu unaokatika mshono kwa mshono, kila mshono ukila nishati kidogo. Haihitaji umeme, na inapimika mezani kwa mizani ya kuvuta.

Kuhusu kufuli, somo la KITE ni la hesabu rahisi. Bolti nne zinazotakiwa zote kuachia, kila moja ikiwa na uhakika wa asilimia 99, zinakupa asilimia 96 kwa pamoja. Ukiongeza bolti ili mzigo ukae imara zaidi kwenye roketi, unapunguza uwezekano wa kuondoka. Afadhali kufuli moja iliyoshikwa na uzi mmoja wa Dyneema, na nyaya mbili za nikromu, metali inayopata moto umeme ukipita, za kuuchoma, kila waya na umeme wake, yoyote kati ya hizo ikitosha. Wengi wanaozungumzia vipuri vya akiba wanamaanisha kuongeza vitu. Swali la kuuliza ni kama kimoja kikifa, kingine kinafanya kazi peke yake. Na rili isiwe na kufuli yake tofauti inayosubiri amri yake tofauti. Kufuli ya uzinduzi kwenye rili ndiyo iliyoiponza Kukai.

Mpangilio wa majaribio una kosa moja la kawaida: kamba hufunguliwa vizuri mezani, kila mtu hupiga makofi, kisha setilaiti hupelekwa kutikiswa na hatimaye kurushwa. Jaribio la kufungua linalohesabika ni lile linalofanywa baada ya mtikiso na baada ya kukaa kwenye chemba ya ombwe ikipashwa joto na kupozwa. Kiwango cha mtikiso cha NASA cha kuthibitisha vifaa vidogo, 14.1 g (g ni kipimo cha mvuto wa dunia, si gramu), kipo kwa sababu ndani ya roketi ndiko pete huhama. Tengeneza rili tatu au nne zinazofanana, zote zizungushwe siku moja. Moja itikiswe na kufunguliwa. Nyingine ikae kabatini miezi sita ndipo ifunguliwe, kwa sababu setilaiti yako itasubiri roketi kwa muda kama huo au zaidi, na kamba iliyokaa hushikamana. Vuta kila moja kwa mota yenye kasi ya mita 3 kwa sekunde huku kihisi cha kani kikiandika mara mia kwa sekunde. Usitazame wastani tu. Tazama vilele, kwani pete moja iliyobanwa inaweza kudai milinyutoni 200 kwa nukta moja na kumyumbisha binti hata kama wastani ni mzuri. Mnara wa kudondoshea wa Bremen, Ujerumani, hutoa sekunde 4.74 bila uzito. Kwa mita 3 kwa sekunde hizo ni mita 14, na ni zile za mwanzo hasa. Pasipo mnara, meza ya hewa na sakafu ndefu ya ukumbi zinakaribia. Kata pia uzi wa kufuli ndani ya chemba, kwenye baridi, betri ikiwa imeshuka.

Obiti ndiyo inayoamua kama kamba iwe ya umeme au ya kawaida, na hapa soko la urushaji lina mtego. Kamba inayopitisha umeme, ikikata uwanja wa sumaku wa dunia kwa kilomita 7.6 kwa sekunde, huzalisha volti. TSS-1R, jaribio la pili la Waitaliano na NASA mwaka 1996, ilifikisha volti 3,500 kwenye kilomita 19.7, ambazo ni karibu volti 180 kwa kila kilomita. Kisha cheche ikapita kwenye ganda lililoharibika, ikaunguza waya, na setilaiti ikaondoka zake. Mkondo huo wa umeme unaweza kuishusha setilaiti bila mafuta, na kwa hakika hiyo ndiyo matumizi yenye maana zaidi ya kamba kwa setilaiti ndogo. Lakini volti hutegemea kukata mistari ya sumaku, ambayo kwa ujumla huelekea kaskazini. Obiti inayoegemea ikweta huikata vizuri. Ile inayopita juu ya ncha za dunia hukimbia sambamba nayo na kupata kidogo. Safari za bei nafuu za pamoja, kama ile ya Falcon 9 iliyoibeba Taifa-1 ya Kenya Aprili 2023, nyingi huenda kwenye obiti za ncha. Anayenunua nafasi hiyo na kupanga kamba ya umeme amejinyima matokeo kabla hajaanza. Kituo cha Anga cha Kimataifa kiko kwenye nyuzi 51.6, kati kwa kati. Kutoka moduli yake ya Kibo iliachiwa STARS-C yenye kamba ya mita 100, Desemba 2016, na kutoka mlango huohuo ikatoka 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Mei 2018. Kwa timu ya ukanda huu inayotaka kujaribu kamba, njia hiyo ina mantiki kuliko obiti ya ncha.

Kamba ya umeme pia inataka kitu cha kurudisha elektroni kwenye plazima, ile gesi nyembamba yenye chaji iliyopo kwenye obiti. Kukusanya ni rahisi, waya ulio uchi hujikusanyia wenyewe. Kutoa ndiyo kazi. Kathodi tupu yenye gesi ya xenon hufanya vizuri lakini inahitaji tangi na vali. Waya uliopashwa moto ni mdogo na hutosha kwa miliampia chache. Miliampia 10 kwenye kilomita 1 ni kani ya milinyutoni 0.3, ndogo, ila haipumziki. TEPCE iliingia angahewa na kuungua Februari 2020, chini ya miezi mitatu baada ya kufunguka, na sehemu ya kushuka huko ni upepo tu wa anga ya juu ukipiga kamba ndefu. Kutenganisha michango hiyo miwili kunahitaji kuwasha na kuzima mkondo kwa siku kadhaa kila upande na kulinganisha. Timu isiyopanga hivyo itabaki na setilaiti iliyoanguka na hoja isiyothibitika.

Siku ya kufungua isiharakishwe. TEPCE ilisubiri karibu miezi mitano. Baada ya kuachiwa, CubeSat hukaa dakika 45 bila kutangaza redio, kisha zinafuata wiki za kutuliza mzunguko, kujua afya ya betri na kupima ramani ya sumaku ya setilaiti yenyewe. Redio ya binti ijaribiwe akiwa bado amefungwa, kwa sababu inaweza kufa kimya humo ndani kwa kukosa chaji. Paneli zake zinaweza kuwa kivulini mwa mama. Saa mbili kabla ya tukio, mzunguko uwe chini ya nusu nyuzi kwa sekunde. Kufungua kuendeshwe na saa ya ndani, bila kungoja amri ya moja kwa moja, kwa kuwa kituo kimoja cha ardhini hukiona chombo kwa dakika 10 hivi na kwa mita 3 kwa sekunde kazi yote huisha kwa dakika 6. Amri ya papo hapo iwe ya kuzuia tu. Chagua wakati wa jua ili kamera zione, lakini usianze chombo kinapotoka kwenye kivuli cha dunia. ATEx, utepe wa plastiki wa kilomita 6 uliojaribiwa Januari 1999, ulikuwa umetoka mita 22 kwa dakika 18 ulipolegea kwa joto la jua. Kihisi cha pembe kikaona kamba iko mahali pabaya, na mfumo wa kujilinda ukaitupa yote. Mfumo ulifanya kazi ulivyoambiwa. Kosa ni kwamba ulipangiwa pembe finyu kwa kamba iliyokuwa ikitoka sentimita 2 kwa sekunde, polepole kiasi kwamba ulegevu mdogo tu ungeifikia.

Pima urefu kwa njia zaidi ya moja. Kwenye YES2 ishara za vihisi vilivyohesabu pete zilivurugika, na kwa muda iliaminika kwamba kamba ilifika kilomita 8.5 tu. Uchambuzi wa data nyingine ndio ulioonyesha kilomita 31.7. Kwa setilaiti ndogo: vipokezi viwili vya GPS, kimoja kila upande, redio kati ya mama na binti ambayo hupima muda wa kwenda na kurudi, kihisi cha pete, na kamera moja inayotazama tundu la kamba, si ile inayotazama dunia kwa ajili ya mitandao ya kijamii. Kila kipande kihifadhi data ya vyote viwili, ili mmoja akinyamaza mwingine aeleze.

Uhai wa kamba hutegemea unene na umbo. Chembe yenye kama theluthi ya kipenyo cha uzi inaweza kuukata, na uzi wa nusu milimita una chembe za kutosha za kuukata. SEDS-2 yenye milimita 0.75 ilikatwa siku chache tu baada ya kufunguka Machi 1994. TiPS, kwenye kilomita 1,022, ilikuwa na milimita 2 zilizojazwa nyuzi laini ndani ili zitanuke. Utepe uliosukwa wenye upana wa milimita kadhaa ni jibu zuri kwa setilaiti ndogo, maana tundu moja haliukati, ila husugua zaidi kwenye rili. Ukikatika ukiwa wima, nusu ya obiti baadaye vipande vinakuwa vimeachana kwa kimo kiasi cha mara saba ya urefu wa kamba, kwa hiyo kilomita 1 huleta kilomita 7. Kaa chini ya kilomita 500, ambako kipande cha kamba tupu huanguka haraka. Tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipunguza mwaka 2022 muda wa setilaiti kuondoka kwenye obiti baada ya kumaliza kazi kutoka miaka 25 hadi 5, na kamba iliyokatika kwenye kilomita 800 haina namna ya kutii.

Kisha kuna rada. Uzi wa plastiki hauonekani. Setilaiti mbili ndogo zilizoachiwa na setilaiti ya OPAL mwaka 2000, zikiwa zimeunganishwa kwa mita 30, ziliwekewa nyuzi za dhahabu kwenye kamba ili rada za Marekani ziione. Hata ncha zikionekana, kila moja ikihesabiwa peke yake obiti yake hutoka kimakosa. Ncha ya chini inakwenda taratibu kuliko kitu huru cha kimo hicho, hivyo programu ya kawaida huidhania iko karibu kuanguka, na ya juu huipeleka kwenye duara ambalo haifuati. Watunza katalogi ya vitu vilivyo angani wapewe mapema urefu, tungamo za pande zote mbili na saa ya kufungua, nao waombwe wafuate kitovu cha pamoja. Timu nayo itangaze kila siku nafasi za GPS za ncha zote mbili. Anayekwepa migongano anahitaji kujua kwamba kati ya nukta mbili anazoziona kuna ukuta wa kilomita 1 asiouona.